Milioni Moja na Moja

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha hesabu Gisenyi, Rwanda, mkuu wa shule alinisindikiza hadi mlangoni mwa darasa, akashusha sauti: "Mwalimu, watoto hapa wanaogopa hesabu kuliko volkano. Bon, ingia."

Niliingia, na sikutoka mpaka nilipostaafu. Tulifundisha kwa Kifaransa, tukabishana kwa Kiswahili.

Mwaka mmoja wilaya ilimtuma mkaguzi. Mchepuo wa hesabu ulikuwa umebakiwa na wanafunzi wachache, naye alikuja kuamua kama ufungwe. Espérance, mwanafunzi wangu kutoka Cyanzarwe ambaye mama yake alivuka mpaka kila asubuhi kuuza kabichi Goma, upande wa Kongo, alikwisha kuniambia: "Wakifunga, mi narudi kubeba kabichi na mama."

Siku mkaguzi alipokaa darasani kwangu, niliandika ubaoni 1 000 001. Je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Nikawakumbusha kanuni: jaribu namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa ni kama elfu moja.

Kalamu zikaanza mbio. Kwa saba, inabaki mbili. Kwa kumi na moja, inabaki mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena! Darasa likacheka. Mkaguzi, aliyekaa nyuma amekunja uso, akavua koti akaanza kugawanya naye.

Walipovuka tisini na saba, wengi waliweka kalamu chini.

"Donc, basi, ni tasa," mvulana mmoja akasema.

"Bado," Espérance akajibu bila kuinua kichwa. "Mwalimu amesema mupaka elfu."

"Ngojeni," mkaguzi akasema, "na mi sijamaliza."

Halafu Espérance akaruka: "Mia moja na moja! Haibaki kitu! Inatoka elfu tisa mia tisa na moja!"

"Ye baba we!" mkaguzi akapiga meza. "Na mi nimepata ile ile!"

Nikawaonyesha utamu wake. Chukua tarakimu zozote sita, ziandike mara mbili: 482 915 482 915. Hiyo ni 482 915 mara milioni moja na moja, kwa hiyo lazima igawanyike kwa 101. Kila mtu akajaribu namba yake. Kengele ililia, hakuna aliyetoka.

Mlangoni mkaguzi alimwambia mkuu wa shule: "Mchepuo hii haifungwi. Mutu akitaka kuifunga, aje kwangu kwanza."

Espérance sasa anafundisha hesabu Nyamyumba. Mimi nimestaafu, na watu huniuliza kama sichoshwi na kukaa nyumbani. Nichoshwe na nini? Wiki hii nachunguza namba nyingine: moja, sufuri kumi na tano, halafu moja. Kwa mkono, bila mashine.

"Chai inapoa," mke wangu ameita sasa hivi.

"Iache ipoe, mama! Nimemaliza kugawanya kwa 349, haikukubali. Inayofuata ni 353."