Nyumba Isiyokuwa na Wenyewe

Asubuhi moja niliondoka bila mpango. Nilipanda basi la kwanza lililokuwa tayari kuondoka, likakwea milima ya Ugiriki hadi kituo chake cha mwisho, mji mdogo wa nyumba za mawe. Shule niliiacha mapema, lakini makumbusho siyapiti hivi hivi, nikaingia ya mji ule. Ilikuwa nyumba ya mfugaji wa zamani: kitanda kimetandikwa, sahani zimepangwa mezani, mablanketi mazito yamekunjwa. Harufu ya sufu na moshi wa kuni ilinijaa puani, na ghafla nilikuwa Minnesota tena, nina miaka kumi.

Tuliishi Champlin. Vuli ile darasa letu lilikwenda Anoka kuona nyumba ya wakulima wa kale, na mama alikuwa ameahidi kuwa mmoja wa wazazi wa kutusindikiza. Asubuhi yenyewe simu ya kazini ikalia. "Nime-pick shift," akasema, huku akivaa sare yake ya kutunza wazee. "Nyanya ataenda nawe." Nyanya alikuwa ametoka Machakos wiki chache tu zilizopita. Nilinuna njia nzima.

Nyanya hakuwahi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Ndani ya koti kubwa la mama alikuwa na sukari na majani ya chai, amevifunga kwenye leso. Wenzangu waliingia mbio. Yeye alisimama mlangoni akipiga hodi. Akapiga tena. Alipochoka kungoja aliingia, akaona vikombe mezani, akaniita kwa utani wa bibi za kwetu kwa wajukuu wa kike: "Wee mke mwenzangu, wenyewe wametoka? Na mlango wameacha wazi!" Akaivuka kamba ya kuzuia wageni, akaiweka sukari mezani.

Darasa zima likaangua kicheko. "Anadhani kuna watu wanaishi humu!" mmoja akapiga kelele kwa Kiingereza. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama yule bibi alikuwa wa familia yetu.

"Hapana," nikajibu. "Ni mgonjwa wa mama. Mama anamtunza."

Nyanya hakujua Kiingereza, ila neno lake la mgonjwa, "patient", alilijua. Mama alilitaja kila jioni akisimulia kazi yake. Alinitazama kidogo tu. Kisha akaniwekea mkono begani, akajikokota hadi kwenye benchi, yeye aliyekuwa akipanda vilima na mzigo wa kuni mgongoni. Alijifanya mgonjwa ili nisiumbuke.

Jioni mama aliuliza safari ilikuwaje. "Mke mwenzangu alinishika mkono vizuri," Nyanya akasema, akaendelea kusonga ugali. Alirudi kwao kabla theluji haijayeyuka. Kila nilipoongea naye kwa simu nilijiambia nitamwomba msamaha wiki ijayo, mpaka simu iliyokuja ikawa ya msiba.

Jioni ile Ugiriki nilipata chumba juu ya duka la mikate. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitaka kujua nina nani. Nikamtaja mama, nikawataja ndugu zangu, kisha Nyanya: jina lake kamili, kijiji chake, mwendo wake wa haraka. Akainamisha kichwa kwa heshima, akanipa ufunguo. Siku ile Anoka, kusema "ni nyanya yangu" kungenigharimu kicheko cha darasa zima. Siku hizi namtaja kwa kila mtu, na kumtaja huko hakunigharimu kitu, ndiyo maana hakutoshi kuwa msamaha.