Majina Niliyoyasoma Uwanjani

Sikurithi kitu. Diploma yangu ya maabara niliisomea ng'ambo, jioni, baada ya kutwa nzima ya kuwaogesha wazee wa watu wengine. Niliporudi Nyeri nilifungua duka la vifaa vya hospitali katika chumba ambacho mwenye nyumba alikuwa akiwekea magunia ya viazi. Leo zahanati nyingi za upande huu wa mlima hununua kwangu vitanda, hadubini na mirija ya damu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata hayanipambi.

Mali ilipokuwa ya kutosha, niliamua kugharamia utafiti wa kifafa. Watafiti wa chuo kikuu walikuwa na ujuzi, mimi nilikuwa na fedha. Niliwajengea chumba kando ya zahanati, kwenye vilima vya Othaya nilikozaliwa, nikaweka jiwe lenye jina langu mlangoni. Watu wakaanza kuniita daktari. Diploma haimfanyi mtu daktari, nalijua hilo vizuri, lakini sikumsahihisha hata mmoja.

Shida ilikuwa kupata wagonjwa. Kwetu kifafa hufichwa. Wengi bado wanaamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza, na kwamba ukila alichokigusa utaanguka pia. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwa mama mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi, aliyekuwa akipika uji na chapati kwenye kituo cha kununulia majani chai. Wakulima walishusha vikapu, wakala kwake huku wakisubiri mizani. Siri yake niliijua kwa kuwa tangu utotoni nyumba zetu zilitenganishwa na ua tu. Kifafa kilimjia mara chache, alfajiri, na hakuna mteja aliyewahi kumwona akianguka. Nilimwomba atoe damu na aandike kwenye daftari kila anapoanguka. Jina lake, nikamwambia, litakaa ndani ya droo yenye kufuli. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara zote mbili nilicheka.

Baadaye watafiti walihitaji mashine ya kupima ubongo, nami nikaitisha harambee kwenye uwanja wa kanisa. Katika harambee za kwetu hakuna mchango usiosomwa. Mtu akitoa, jina lake hutangazwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi, naye akaketi ameridhika. Nimekulia humo. Nikawaza kwamba ikiwa anayetoa noti anasomwa, anayetoa damu anastahili zaidi. Asubuhi hiyo nilimwomba karani wa utafiti orodha ya wagonjwa. Akasema karatasi hiyo haitoki kwenye droo. Nikamuuliza kama anajua nani alinunua hiyo droo. Akanipa bila kunitazama.

"Ninyi mmetoa pesa," nikasema kwenye kipaza sauti, "hawa wametoa damu yao. Wapigieni makofi."

Majina mawili ya kwanza yalipigiwa makofi. La tatu lilipata machache. Kisha watu wakaelewa ninachosoma, uwanja ukanyamaza, na mimi nikadhani ni heshima. Nikapandisha sauti. Jina la mama yule wa uji lilikuwa la saba. Yeye alikuwa pembeni, chini ya turubai, akipakua pilau, kwa kuwa kamati ilimpa kazi ya kuwapikia wageni. Vichwa viligeuka. Mama mmoja wa kamati aliiweka sahani yake chini ya kiti, taratibu, asionekane. Aliyekaa karibu naye akafanya vivyo hivyo, na wengine wakafuata. Niliziona sahani zile. Hata hivyo nilisoma majina yote yaliyobaki, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikutaka kuonekana nimekosea.

Wiki iliyofuata sufuria yake ya uji ilirudi nyumbani imejaa kila siku. Mkuu wa utafiti alikwenda kituoni kuwaeleza wakulima kwamba kifafa hakiambukizi. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakala mikate waliyobeba kutoka nyumbani. Aliporudi aliniambia kwamba wengi wa niliowasoma hawakufika tena, na kwamba angependa nisikanyage chumba kile.

Mimi nikaenda kula kwake. Kila asubuhi niliegesha gari mahali ambapo kila mtu angeliona, nikaagiza chapati tatu, nikazila nikiwa nimesimama. Siku ya nne akaniuliza:

"Daktari, unakula ama unaonyeshana?"

Nikamjibu kwamba nataka watu waone hakuna hatari.

"Ati waone. Wameona wewe. Mimi bado niko na sufuria imejaa."

Nikamwahidi hoteli mjini Nyeri, yenye vioo na viti vya ngozi. Alifuta mikono kwenye aproni, akasogea karibu ili wenye vikapu wasisikie.

"Siku ile ulisoma watu kumi na wawili. Mbona jina ya ndugu yako hukusoma?"

Mdogo wangu alifia mtoni akichota maji, mimi nikiwa ng'ambo. Nyumbani walisema aliteleza. Nilijua alikuwa na kifafa, nikatuma pesa za mazishi, nikakubali kwamba aliteleza. Utafiti wote ule niliuanza kwa ajili yake, lakini katika kila hotuba nimesema nilisukumwa na mapenzi kwa jamii. Mama huyu alikuwepo walipomtoa majini. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu, ili nyumba yetu isichekwe.

Jumapili mbili baadaye niliomba nafasi kanisani, nikalitaja jina la ndugu yangu na ugonjwa wake, nikaomba msamaha. Watu walilia, wakanipigia makofi, na mchungaji akausifu ujasiri wangu. Nilimtafuta mama yule kati ya viti vya wanawake. Jirani yake akaniambia amehama Alhamisi.

Yuko mji wa Kenol sasa. Anapika chapati kando ya barabara kuu, na madereva wanapanga foleni, kwa sababu pale hakuna anayemjua. Mimi hupita hapo kila wiki nikienda Nairobi kuleta bidhaa. Gari langu linajulikana na sura yangu pia. Nikishuka kumsalimia, mtu atauliza tumejuana wapi, na jibu lolote litaanzia Othaya. Juzi msongamano ulinisimamisha mbele ya meza yake. Aliinua macho, akaniona, akatikisa kichwa kidogo, hapana. Nikapandisha kioo na kutazama mbele mpaka magari yaliposogea.