Mjibu Maswali ya Wabunge

Kazi yake wizarani ni kujibu maswali ambayo wabunge huyaleta kwa maandishi. Kila jibu hulisoma kwa sauti, peke yake chumbani, kidole gumba kikisugua ukingo wa meza hadi pamebanduka rangi. Mbunge mmoja, king'ang'anizi kama kupe, huuliza kila kikao: zahanati yetu itapata mganga lini? Naye humjibu, "Suala hilo linafanyiwa kazi."

Leo mchana dada yake akapiga simu. "Kaka, mama hainuki tena kitandani, na anakuulizia wewe tu. Utakuja lini?"

Ulimi ukamtangulia: "Suala hilo linafanyiwa kazi."

Akangoja dada acheke. Dada hakucheka.

"Haya, mheshimiwa," akasema. "Nitamfikishia mama jibu la serikali."