Baba Mkubwa Hajanywa

Mdogo wangu ni askari jeshi. Mama alipozidiwa hospitalini Mawenzi, aliomba ruhusa akanyimwa, akaja hivyo hivyo. Aliporudi kikosini, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo na kufukuzwa kazi.

Baba hakusubiri. Yeye ni mtu wa kanisa, aibu inamuuma kuliko jino. Akaita ukoo, wakaamua kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa ambalo huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho, asipewe mfungwa. Niliwaambia wana roho mbaya. Wakaniambia mwanamke ninyamaze. Ninyamaze, mimi? Thubutu!

Wakili wetu mjini ndiye alinituliza. Alieleza kwamba hukumu ile, kisheria, ilipaswa kuthibitishwa na mkuu wa ngazi ya juu kabla ya kuanza kutumika. Hakuna aliyeithibitisha, nao walishamtia ndani. Alipeleka hoja hiyo, mdogo wangu akaachiwa. Alirudi amekonda, anasalimia watu huku akitazama chini. Niliumia sana kumwona vile.

Baba akasema ya jeshi yaishie jeshini, ukoo umeshasema. Hapo ndipo nilipomshika. Kwetu neno la ukoo halina nguvu mpaka mkubwa wa ukoo anywe kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na siku ile baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa anaumwa, yuko kwa binti yake, kijiji cha Kwa Sadala. Wale wazee, kwa haraka yao, walikunywa wenyewe.

"Baba," nilimwambia, "na nyie hamjathibitishiwa."

Alinuna, lakini Jumapili baada ya ibada tulikwenda wote watatu, yeye, mimi na mdogo wangu, na mbege yetu. Tukaamkia. Baba akaeleza yote, akajaza kata, akampa kaka yake kwa mikono miwili. Baba mkubwa akaishika tu, hanywi.

"Huyu kijana aliacha kazi akaenda wapi?"

"Hospitali. Kwa mama yake."

"Alimkuta hai?"

Baba akamgeukia mdogo wangu. Naye akasema ndiyo, alimkuta, na mama alikufa asubuhi akiwa amemshika mkono. Sisi wengine wote, Baba akiwemo, tulifika tumechelewa.

Baba mkubwa akaiweka kata chini, imejaa vile vile.

"Mimi sinywi," akasema.

Baba akalia kwa sauti, mbele yetu, na mdogo wangu ndiye aliyeinuka kwenda kumshika.