Mashine Iliyosikia Kila Kitu Isipokuwa Dhahabu

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha sukari, na alipostaafu alirudi Idete na vitu viwili: buti za kazini zenye chuma mbele, na imani kwamba sasa ni zamu yake kutajirika. Buti alizivaa shambani, msibani na kanisani. Imani alikaa nayo kimya, hadi siku alipoondoka asubuhi na pikipiki yetu kwenda Ifakara, na jioni akashuka kwenye gari la abiria amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga isiyo yangu.

"Pikipiki iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii," akasema, akafungua ile kanga.

Ilikuwa mashine ya kutafutia dhahabu. Fimbo, sahani nyeusi ya mviringo upande wa chini, kiboksi chenye vitufe upande wa juu, na vile vidude vya kuvaa masikioni. Alikuwa amebadilishana na mtu aliyetoka machimboni Chunya ambaye, kwa maelezo ya mume wangu, alishapata dhahabu ya kumtosha. Nilimuuliza mtu mwenye dhahabu ya kumtosha anataka nini kwenye pikipiki inayowashwa kwa kusukumwa. Usiku huo nilisonga ugali, naye anajua kwamba katika nyumba inayolima mpunga, ugali wangu ni adhabu.

Nisiwe mchoyo wa sifa, mashine ilikuwa na akili zake. Mume wangu alimweleza kila aliyepita njiani: ile sahani hupiga mapigo ya umeme kwenda ardhini, halafu hunyamaza na kusikiliza. Kama chini kuna kitu cha chuma au dhahabu, kinaitika, na mashine inalia. Imetengenezwa kwa ajili ya punje ndogo, alisema, hata ndogo kama mchele. Kasoro yake ni moja: haibagui. Dhahabu, msumari, kizibo cha soda, vyote kwake ni ndugu.

Siku ya kwanza ililia kuanzia mlangoni. Mume wangu akachimba, hakukuta kitu. Akapitisha tena, ikalia pembeni kidogo. Akachimba pembeni. Kila aliposogea, dhahabu nayo ilisogea. Hadi mwisho wa wiki kulikuwa na mtaro uliotoka mlangoni kwetu, ukapita nyuma ya choo, ukaenda hadi karibu na barabara. Majirani walidhani tunaletewa bomba la maji, wakaanza kunipongeza. Mama mmoja alileta ndoo akaitega mwishoni mwa mtaro ili awe wa kwanza.

Mimi ndiye niliyegundua, nikiwa nafagia. Mashine ilikuwa imeegemezwa ukutani, mwenyewe amesahau kuizima, na nilipozisukuma buti zake kwa ufagio ikapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikazivuta buti, ikanyamaza. Nikazirudisha, ikalia. Nikamwita nikamwonyesha. Akatazama buti, akatazama mtaro, akasema kwamba hata hivyo mtaro utasaidia kupitisha maji ya masika. Kuziacha nyumbani alikataa katakata. Badala yake alirefusha ile fimbo, akawa anatembea ameinama mbele, mikono ameinyoosha, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.

Lakini tuache kumsengenya, alipata. Siku moja alipanda kwenye vijito vinavyoteremka kutoka milimani akarudi na punje moja ya dhahabu. Mchele mzima ilikuwa haiufikii, labda chenga. Akaiweka katikati ya ungo ili mama yake aione vizuri. Mama mkwe wangu tulikaa naye, bibi mwembamba, mkali, macho yamefifia ila masikio mazima. Kabla hajainama, kuku akawahi. Kuku wetu wote wamekua wakijua kwamba kilichopo katikati ya ungo ni chao.

Mchana ule sitausahau. Kuku aliyekula hatukumtambua, kwa hiyo tuliwakamata wote. Mimi nawabana mabawa, mume wangu anapitisha sahani chini ya kila tumbo, uso wake wa daktari kabisa. Ikafika kwa tetea wangu mwekundu, mtagaji kuliko wote, mashine ikalia. Nami nilitaka kulia. Akachinjwa, firigisi ikapasuliwa, ndani mkatoka kipande cha msumari. Dhahabu ilikuwa kwa kuku mwingine, na mpaka leo sijui aliidondosha wapi.

Wakati mimi namsema mume wangu kwa sauti ya kufika Kiberege, mama mkwe alikuwa ameushika ule msumari, akiugeuzageuza kiganjani.

"Kidude chako kimeusikia huu ndani ya kuku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na baba yako kitamsikia."

Mume wangu aliacha kunyonyoa. Hapo lazima nieleze. Baba mkwe alifariki zamani, familia ikiishi bondeni karibu na mto, kabla watu hawajahamishiwa kijijini, na akazikwa hukohuko. Msalaba wake wa mti uliliwa na mchwa. Mkuyu uliokuwa alama ulikatwa ukachomwa mkaa. Mafuriko ya miaka mingi yakasawazisha kila kitu, pakawa mahame, matete matupu. Na mama mkwe hakuwa na ombi lingine duniani ila azikwe ubavuni pa mumewe. Kila kiangazi mwanawe alikwenda kulitafuta lile kaburi, na kila kiangazi alirudi akitazama chini, na mama hamuulizi. Alikuwa anazeeka mbele ya macho yetu na sisi hatuna pa kumpeleka. Kwa jambo hilo nilimwonea mume wangu huruma, hata siku ambazo sikumwonea huruma kwa lingine lolote.

Ila kwetu marehemu hazikwi mikono mitupu. Sahani aliyokuwa akilia chakula hutobolewa, mwizi asiitamani, ikawekwa juu ya kaburi pamoja na jembe lake. Miaka yote tuliyotafuta mti na msalaba, hakuna aliyefikiria sahani.

Tulikwenda na pawatila ya jirani, lile trekta dogo la magurudumu mawili, mama amekaa kwenye tela juu ya godoro. Tulipofika mume wangu akawa askari: pawatila ikae mbali, funguo ziachwe, mkanda uachwe, vibanio vya nywele zangu viachwe. Mama akakataa kuvua rozari.

"Na ikilia?" mwanawe akamuuliza.

"Ikilia iambie ni mimi."

Kisha mume wangu akakaa chini, akafungua kamba, akavua buti. Mwenyewe, bila kugombezwa. Nikajua leo hatuchezi.

Moto wa kiangazi ulikuwa umepita, matete yamebaki vishina na majivu. Alitembea peku juu ya vishina vile, akipitisha sahani taratibu kulia na kushoto. Ikalia, akachimba: spoku ya baiskeli. Ikalia: sufuria isiyo na kitako. Ikalia: kopo, ambalo mama alilipapasa akalitambua, akaanza kumsema mwenye kopo, marehemu siku nyingi, kwamba alikuwa hajui kutupa taka. Jua likapanda. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumpoza mama, ndipo ikalia kwa sauti nzito, ya kukaa, hata mimi niliyesimama pembeni nikaisikia. Mume wangu akaweka jembe chini, akafukua kwa vidole. Ikatoka sahani ya bati, kingo zimeliwa na kutu, na chini yake jembe.

Mama akapewa ile sahani. Akapitisha kidole gumba. Matundu matatu.

"Moja lilitosha," akasema. "Lakini nilikuwa na hasira naye. Aliniachia mpunga haujavunwa."

Akaomba ashikwe mkono, akajilaza kwenye majivu kandokando ya pale, amejinyoosha, apime. "Hapa. Ila msinibane." Mume wangu alilia waziwazi, miguu imejaa masizi, na mimi nikalia naye.

Ungedhani sasa bibi atatulia. Wapi! Kwa kuwa mumewe alipotea, naye akaingiwa na hofu ya kupotea. Akaanza kujikusanyia vyuma. Ncha za majembe, mifuniko, kitovu cha gurudumu la baiskeli, vyote chini ya kitanda chake, kila kimoja kwa ajili ya kaburi. Jumapili tukitoka misa alitandikiwa mkeka, akalala chali na vyuma vyake kifuani, mwanawe akampitishia mashine.

"Inanisikia?"

"Inakusikia, mama."

"Rudi mbali kidogo. Na hapo?"

Katekista alikuja siku moja kutusalimu akatukuta katikati ya shughuli hiyo. Aliomba maji, akanywa, akaaga. Dhahabu hatukutafuta tena. Mume wangu hakuitaja, nami sikuitaja pikipiki.

Mama alifariki baada ya mavuno, usingizini, mpunga wote umeshaingia ndani. Tulimpeleka bondeni kama alivyotaka, katekista akasali na kulipita lile rundo la vyuma bila kulitazama. Kilichobaki ni kikombe chake cha chai. Kukitoboa ilikuwa kazi ya mwanawe. Mtu aliyetoboa vyuma kiwandani miaka yote ile alishika nyundo na msumari, akasimama tu. Nikamshikia kikombe. Akapiga tundu la kwanza, kisha hakuweza kuacha. Watu wakageuza nyuso. Kikombe kilitoka kama chujio, nami nikamwacha apige hadi alipochoka.

Masika ya mwaka uliofuata mto ulifurika kuliko kawaida. Maji yalipokauka tulikwenda. Msalaba haukuwepo, wala tuta, wala njia. Alivua buti, akavaa vile vya masikioni, akaanza kupita kulia na kushoto. Haikuchukua muda. Mashine ilipiga kelele za mkusanyo mzima wa chini ya kitanda, na kunguru wakaruka.

Akapiga magoti. "Shikamoo, mama," akasema.

Akabaki hivyo, kichwa ameinamisha, vile vidude bado masikioni, anasikiliza. Nilisubiri. Nilisubiri sana, jua linachoma, mpaka nikaona hatanyanyuka mwenyewe. Nikamwekea mkono begani.

"Amesema marahaba," nikamwambia. "Haya, vaa buti."