Vikebe Viwili vya Poda

Magreti binti Thadeo alizaliwa Kisanga, akaolewa Mikumi, akafia Mikumi. Nilisoma naye dawati moja mpaka darasa la nne, kwa hiyo wanayosimulia watoto wa siku hizi juu yake mimi siyahitaji. Nilikuwapo.

Kwanza alikuwa mkulima kama sisi sote. Kazi ya kupamba maharusi ilimjia wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu tusivyojua hata majina yake. Kabla ya hapo sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Bibi harusi alipakwa mafuta, akatiwa wanja, basi, amependeza. Ruksa ilipokuja, asiyepakwa poda akaonekana kama ameozwa kwa haraka.

Poda aliletewa na Lea, binti yake wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Mwaka 1989 Lea alikwenda Kilosa akarudi na vikebe viwili vinavyofanana, vya plastiki ya bluu. Ndani poda imeshindiliwa kama kipande cha sabuni, kioo kiko kwenye kifuniko, na kisponji chake juu. Akasema kimoja ni chake, kingine cha mama cha kazi.

Masika iliyofuata malaria ilimpanda Lea kichwani. Alilala siku tatu tu. Alipowekwa kwenye jeneza, kabla watu hawajapita kumuaga, Magreti alichukua kikebe cha Lea mwenyewe akampaka uso, taratibu, mbele yetu wote, kama alivyokuwa akiwapaka maharusi. Hakulia. Alifunga kifuniko, akakizungushia kikebe kitambaa, akakitia sandukuni.

Toka siku ile akawa mtu wa kujibu akiulizwa. Lakini kazi aliifanya, tena vizuri. Kikebe chake cha kazi kilipita nyuso zote: bibi harusi, wapambe, mama wa bwana harusi, mwenye chunusi na asiye nazo. Kisponji kilikuwa kimoja. Poda ikifanya utando wa kung'aa na kukataa kushika, aliipulizia pumzi ya kinywa, au alilowesha kisponji kwa mate kidogo, akaendelea, kisha akafunga kikiwa bado kibichi. Hakuna aliyeona vibaya. Tunakula sinia moja, tunakunywa kata moja, uso una nini? Kwetu cha kuogopwa kilikuwa maiti. Aliyemwosha maiti hatii mkono chunguni mpaka anawe kwa sabuni. Anayempamba mwali hanawi, anapewa pilau.

Mwaka 1992 Magreti alimpamba Joyce, binti wa watu wa Ruhembe, pamoja na wapambe wake watatu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano Joyce aliamka macho yamegandana kwa tongo, mekundu, hayafunguki mpaka yalowekwe. Wapambe vile vile, na mmoja akatoka vipele vya usaha kidevuni. Shangazi yake Joyce, Rutha, mama mwenye sauti, akasema wazi kwamba Magreti amewapaka watoto poda ya marehemu.

Nami nilisema hivyo hivyo. Nililisema neno hilo bombani asubuhi, na mpaka mchana lilikuwa limewafikia hata wasiomjua Magreti.

Aliyewatibu wale wasichana ni nesi Consolata wa zahanati. Aliwapa mafuta ya macho, akawauliza mmoja mmoja walijipaka nini, kisha akaja kwa Magreti. Nilikuwa nimekaa uani pale, nimekuja kusikiliza, si kufariji. Nesi akaamkia, shikamoo mama, akaomba kuona poda. Magreti akaleta vikebe vyote viwili akaviweka juu ya kigoda.

Cha Lea kilikuwa kama kimetoka dukani, kina alama moja tu ya kufutwa katikati, kisponji cheupe. Cha kazi poda yake ilikuwa nyeusi katikati, inang'aa kama sufuria yenye mafuta. Kisponji kilikuwa na rangi ya chai na harufu ya kitambaa kilicholala na maji. Nesi alieleza bila kupandisha sauti. Alisema vijidudu kwenye poda kavu hupata taabu, lakini ukiwatilia mate na jasho umewapikia uji. Mpambe mmoja alikwenda kwenye harusi macho yamekwisha kuanza kuwasha, amekiri mwenyewe. Kisponji kilimgusa yeye, kikarudi kwenye poda, kikaenda kwa Joyce. Lea hakuhusika kabisa.

"Cha kutupa ni hiki, mama," alisema. "Hicho kingine hakijamgusa mtu mwingine."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kisponji, mama."

"Kisponji hakina mikono," alisema Magreti.

Nesi hajaondoka, Rutha akaingia na wanawake wanne. Hakukaa. Alisema wamekuja kwa wema. Kile kikebe cha maiti kitolewe kichomwe mbele yao, na mwezi wa nane mdogo wake Joyce ataletwa apambwe kama kawaida. Kisipotolewa, watatafuta mpambaji Kilosa, na kila mwenye binti kutoka hapa mpaka Kidodi ataambiwa sababu.

Nesi alieleza tena tangu mwanzo, akawaonyesha vikebe vyote viwili. Rutha alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwanangu, hao vijidudu umewaona wewe?"

"Kwa darubini wanaonekana, shangazi."

"Basi tuletee darubini. Sisi hapa tulichokiona ni jeneza."

Wanawake wakacheka kidogo. Kisha wote tukamtazama Magreti. Alikuwa na nesi upande wake, na zahanati nyuma ya nesi. Angesema neno moja tu, wangeondoka wakinung'unika. Hakulisema. Alichukua kikebe cha Lea, akampa Rutha. Rutha akarudi nyuma, akamwambia akiweke chini mwenyewe. Akakiweka chini, penye majivu. Mafuta ya taa hakuwa nayo, nikaenda nyumbani nikaleta yangu.

Plastiki ilijikunja, moshi ukatoka mweusi, kioo kikapasuka. Nesi aliondoka bila kuaga. Magreti alisimama mpaka moto ukaisha, halafu akasema, "Haya. Karibuni uji." Hakuna aliyekaa.

Kile cha kazi alikitupa chooni jioni yake. Hakuna aliyekiulizia. Toka hapo alinunua poda mpya akawa anaikwangua kwa kisu kilichochemshwa, anaweka kwenye kisahani, na kila msichana alipata kipande chake cha pamba, kikishatumika kinatupwa. Alinawa mikono kila uso. Mwenye macho mekundu au vipele alimwambia umependeza hivyo hivyo, nenda. Hakuugua tena mtu kwa mkono wake. Rutha mpaka anazikwa alihadithia jinsi alivyouondoa ugonjwa Ruhembe kwa kuchoma poda ya marehemu, na Magreti alimwacha ahadithie, wakati mwingine akiwa amekaa naye mkeka mmoja.

Miaka mingi baadaye, tukichambua mchele kwake, nilimwuliza kwa nini alikitoa kile wakati nesi amekwisha kumtetea.

"Vijidudu hamkuwaona, mama Frank," alisema. "Lea mlimwona."

Akachambua kidogo, akaniuliza kama nimekula.