Karatasi Nzima Ukutani kwa Bilha

Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, tata Nyaruai, dada ya mama yangu, alikuwa anatoa daftari chini ya godoro, anapuliza vumbi ambayo haiko, anahesabu stempu zake. Tisini na moja. Anairudisha, kisha anakaanga njugu za kuuza.

Njugu ndiyo ilileta hayo mambo. Mwaka wa themanini na sita alinunua gunia la karatasi ya kufungia, mabaki ya kiwanda fulani cha kuchapa. Ndani kulikuwa na stempu zilizoharibika: korongo amechapwa juu ya treni, wengine miguu juu, bei hakuna. Hakujua ni kitu. Alizikata, akafungia watu wa Kitale njugu wiki mzima. Mzee Wabwile, aliyestaafu posta Bungoma, alikuwa anakula zake akaacha kutafuna.

"Mama, hii umetoa wapi? Kuna watu wanatafuta kitu kama hii maisha yao yote."

Tangu siku hiyo tata akawa anafuata karatasi zake. Aliokota kwa mitaro, akaomba kwa nyumba za watu. Miaka mitano. Chesang wa kuuza nyanya alikuwa anaita soko mzima isikie, "Mama Stempu! Leo umechora ngapi?" Walisema anazitengeneza mwenyewe. Hiyo ndiyo ilimchosha, si kutembea. Hata Mzee Wabwile akasema vipande havitoshi.

"Mtu ataamini akiona karatasi nzima, na ukingo wake. Hiyo huwezi kutengeneza na mkono."

Tukasikia iko moja Kabuchai, kwa mama anaitwa Bilha. Alinunuaga njugu za harusi, akafungiwa na karatasi haijakatwa, akabandika ukutani.

Mimi na tata tulifika miguu imefura. Ilikuwa pale kweli, nzima, kando ya kalenda ya zamani. Korongo wote wameangalia chini. Tata alishika mdomo.

"Ati umetoka Kitale kuja kubandua ukuta yangu?" Bilha akacheka. "Chukua, bana. Lakini upepo ukiingia, si utakuja kuziba wewe?"

Tata alilowesha na kitambaa, pole pole, mpaka saa tisa. Lakini ilibandikwa na uji wa ngano, na ukuta ni udongo. Ukingo ulikuja kidogo. Halafu yote ikashuka na matope, ikaisha kwa vidole vyake. Hakubaki hata korongo mmoja mzima.

Bilha hakucheka tena. "Pole, mama. Keti nikupikie chai."

"Pika uji wa ngano kwanza."

Tata akatoa daftari kwa kikapu alichokuja nacho. Alipasua kurasa moja moja, na stempu zake zote, akabandika pale alipoharibu, mpaka upepo ukakatika. Akanawa mikono.

"Nakuja," alisema. Akajifunga leso, akatoka. Kikapu akaacha.

Bilha alipasha ile chai mara mbili. Mara ya tatu akanipatia mimi. Sasa ni miaka miwili, na tata hajafika Kitale.